Talaka kwa Ajili ya Bustani: Kisa cha Hermann von Pückler-Muskau

Mwaka 1826, katika mji mdogo wa Kijerumani wa Muskau ukingoni mwa mto Neisse, mke na mume waliopendana waliachana kwa makubaliano. Hawakugombana, wala mke hakurudi kwao. Wazo la kuachana lilikuwa la mke mwenyewe. Baada ya talaka alibaki katika kasri lilelile akishika funguo zilezile na kusimamia watumishi walewale, na mtalaka wake akafunga safari kwenda Uingereza kutafuta mchumba tajiri. Mpango ulikuwa huu: apatikane binti mwenye fedha, madeni yalipwe, bustani ikamilike, na mke wa kwanza aendelee kukaa hapohapo nyumbani.

Mume ni Hermann von Pückler-Muskau, mke ni Lucie. Kisa chao husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha waungwana. Mimi kila nikikirudia nazidi kuhuzunika. Huyu ni mtu aliyerithi ardhi kubwa kuliko karibu kila mwinyi mwenzake wa Ujerumani, na kila deni lilipombana, wanawake wa karibu naye ndio waliolibeba. Ndiyo maana nataka tukichambue hatua kwa hatua, tuone uamuzi ulifanywa wapi, na ni mlango upi ulikuwa wazi ambao hakuupitia.

Kwanza cheo chake, kwa sababu kinachanganya. Wengi humwita mwanamfalme, na tukisikia neno hilo tunafikiri mtoto wa mfalme. Pückler hakuwa hivyo. Alizaliwa na cheo cha Graf, yaani mwinyi wa ngazi ya chini zaidi, tarehe 30 Oktoba 1785, katika kasri la Muskau, eneo la Lusatia ya Juu ambalo wakati huo lilikuwa chini ya dola ya Kijerumani ya Saxony. Mwaka 1822 mfalme wa Prussia, dola kubwa ya Kijerumani iliyokuwa na makao Berlin, akampandisha na kumpa cheo cha Fürst, ambacho mimi ningekiita mwinyi mkuu. Cheo chenyewe kilikuwa namna ya kumfuta machozi, na tutaona kwa nini.

Milki ya Muskau ilitoka upande wa mama yake, Clementine, aliyemzaa akiwa na umri wa miaka 15. Ilikuwa zaidi ya kilomita za mraba 500. Kwa anayeijua Pemba, ni kama nusu ya kisiwa kile, mali ya mtu mmoja: misitu, vijiji vya Wajerumani na vya Wasorbu, Waslavi wa eneo hilo, mashamba, machimbo ya shabu, na mji ndani yake. Baba alipofariki mwaka 1811, yote yakawa ya Hermann. Alikuwa na miaka 25. Alishaacha masomo ya sheria Leipzig, alishapita jeshini Dresden, alishatembea Ulaya kwa miguu, na sifa yake mjini ilikuwa ya kijana mtanashati mwenye madeni.

Ukubwa wa ardhi unadanganya. Ardhi ya Muskau ni ya kichanga, na mapato yake yalitegemea misonobari, shabu, na zaidi ya yote kazi ya lazima na ushuru wa wakulima. Vita vya Napoleon vikapita hapo, na majeshi hula. Kisha mwaka 1815 Mkutano wa Vienna, ambako mataifa ya Ulaya yalipanga upya mipaka, ukaikata Saxony, na Lusatia ya Juu ikaangukia Prussia. Kwa watu wa vijijini hii ilikuwa heri, maana Prussia ilikuwa imeshaanza mwaka 1807 kumfungua mkulima kutoka kwa bwana wake. Kwa Pückler ilikuwa hasara: haki za kitawala ambazo wazee wa Muskau walikuwa nazo kwa vizazi zikapunguzwa. Cheo cha 1822 kilikuja kufidia hilo. Lakini cheo hakilipi riba.

Na mwaka huohuo wa 1815, mambo yakiwa hivyo, ndipo alipoanza bustani.

Tarehe 1 Mei 1815 aliwaandikia wakazi wa Muskau barua ya wazi. Aliwaambia kwamba anakusudia kukaa nao maisha yake yote, na kwamba kwa ajili hiyo anahitaji bustani kubwa, hivyo anawaomba wamuuzie vipande vyao vya ardhi kandokando ya mto. Barua imeandikwa kwa adabu, lakini mwenye kusoma anaelewa: bwana akiomba, nani atakataa? Alinunua mashamba, akanunua nyumba zilizosogelea kasri akazibomoa, akachimba mkono mpya wa mto ili maji yapite karibu na madirisha yake. Mkono huo unaitwa Hermannsneisse hadi leo. Alihamisha miti mikubwa iliyokomaa, akaipanda mahali alipotaka kivuli kianguke.

Nisimdhulumu. Alikuwa na jicho. Bustani za kifalme za zamani zilikuwa za mistari na rula, miti imekatwa kama ukuta. Yeye alitaka mtu atembee asijue bustani inaanzia wapi na shamba linaishia wapi. Mji, kijiji, hata machimbo ya shabu yaonekane kwa mbali kama sehemu ya picha moja. Aliandika kwamba njia ni viongozi wasiosema: zinakupeleka penye mandhari bila wewe kuhisi umeshikwa mkono. Aliwaita watu hodari, akiwemo msanifu Karl Friedrich Schinkel, na John Adey Repton, mwana wa mtengeneza bustani mashuhuri wa Kiingereza, alifika Muskau mwaka 1822. Ukitazama Muskau leo unakubali kwamba huyu bwana alijua anachokifanya kwenye udongo. Asichokijua ni daftari.

Lucie aliingia hapo. Alizaliwa 1776, kwa hiyo alimzidi mumewe miaka tisa. Alikuwa ameachana na mume wa kwanza, Graf wa Pappenheim, na alikuwa binti wa Karl August von Hardenberg, kansela wa Prussia, mtu mwenye nguvu kuliko wote serikalini baada ya mfalme. Walioana mwaka 1817. Msomaji wa kwetu aangalie jambo moja: kule fedha ya ndoa haikutoka kwa mwanamume kwenda kwa bibi arusi, ilitoka kwa bibi arusi kuingia kwa mume. Pückler alitarajia mali na mkono wa baba mkwe Berlin. Vyote vilipatikana kwa kipimo kidogo kuliko matarajio, na Hardenberg akafariki Novemba 1822.

Kilichopatikana bila kutarajiwa ni mwenzi. Lucie naye alishikwa na bustani. Alimiliki wazo la kufungua Muskau kuwa mahali pa kuogea maji ya tiba ili wageni walete fedha, na bafu hizo zikafunguliwa mwaka 1823. Alimwita mumewe Lou. Mume naye alimwita Schnucke, jina la kondoo wadogo wa nyika za kaskazini. Baada ya mwaka 1823 fedha zilikauka kabisa, na ni Lucie aliyesema kwanza: mimi sina mali tena ya kukusaidia, na ninakuzuia kuoa mwenye nayo. Niache.

Tusimame hapa, kwa sababu huu ndio moyo wa kisa.

Mtu mwenye deni na ardhi ana njia chache, na zote zilikuwepo. Angeweza kuuza sehemu ya milki. Angeweza kusimamisha kazi ya bustani miaka kumi, akaacha misonobari ikue na machimbo yalipe. Angeweza kuajiri msimamizi mkali akamkabidhi mkoba. Njia ya nne ilikuwa kuuza yote na kwenda kukaa Branitz, shamba la ukoo wake karibu na Cottbus ambalo akina Pückler walikuwa nalo tangu 1696. Kati ya hizi hakuna iliyomtaka Lucie avunje ndoa yake. Lakini kila moja ilitaka bustani ingoje, na hilo tu ndilo ambalo Pückler hakuweza kulikubali. Kwa hiyo walichagua njia ya tano. Kilichouzwa kikawa ndoa.

Wapo wanaosema Lucie alipendekeza mwenyewe, basi lawama iko wapi. Jibu langu ni kwamba anayependekeza kujitoa mhanga huwa ameshaona hakuna mwingine atakayeguswa. Alikuwa na miaka 50. Mumewe angeweza kusema hapana kwa neno moja. Alilia, aliandika barua za mapenzi, akasaini.

Alifika London Oktoba 1826. Alikaa zaidi ya miaka miwili, akirudi mapema 1829, na kila siku ya miaka hiyo ilikuwa gharama: nyumba, farasi, nguo, dansi. Wachumba hawakukosekana. Aliwapima kama mtu apimavyo shamba, hesabu ya mali kwanza, na kila mara alimwandikia Lucie ripoti. Habari ilienea kabla yake. Magazeti yalimfanyia mzaha kwa kulipotoa jina lake, na mama wa mabinti walijua alichofuata. Kubwa zaidi ni kwamba aliyekuwa mke wake yu hai, anakaa nyumbani kwake, wanaandikiana kila siku. Uingereza ya wakati ule, kuachana na kuoa tena kulihitaji sheria maalumu ya Bunge. Mtu wa namna yake alitiliwa shaka hata kama talaka yake ilikuwa halali Prussia.

Nadhani hata angekubaliwa asingefika mbali. Familia tajiri za Kiingereza zilikuwa na kawaida ya kuiweka mali ya binti mikononi mwa wadhamini kabla ya ndoa, hasa ili mume mwenye madeni asiitapanye. Mawakili wangeisoma Muskau kama kitabu kilicho wazi. Pückler na Lucie walijenga mpango mzima juu ya dhana kwamba fedha ya mke huko nje hutumika kama ilivyotumika ya Lucie.

Alirudi mikono mitupu, lakini jambo lililomwokoa kwa muda alikuwa nalo tayari sandukuni. Zile barua kwa Lucie. Alikuwa amemwandikia kila kitu: bustani za mabwana wa Kiingereza jani kwa jani, viwanda, tamthilia, karamu, safari ya Wales na Ireland mwaka 1828 ambako alimtembelea Daniel O'Connell, kiongozi wa Wakatoliki wa Ireland, nyumbani kwake. Lucie alizihifadhi. Marafiki Berlin walisaidia kuzipanga, na kuanzia 1830 zikatoka bila jina la mwandishi, kana kwamba aliyeziandika amekufa: Barua za Marehemu. Goethe mwenyewe, mshairi mkuu wa Wajerumani, aliandika kuzisifu. Sarah Austin akazifasiri kwa Kiingereza, na Waingereza waliomcheka wakazinunua wasome alivyowaona. Kwa ghafla bwana mwenye madeni akawa mwandishi anayesomwa Ulaya nzima.

Tazama jinsi hesabu inavyogeuka. Miaka miwili alitafuta mwanamke mwenye fedha, na fedha ikaja kutokana na barua alizomwandikia mwanamke aliyemwacha kwa kukosa fedha. Kama angekaa Muskau na mkewe, barua zisingekuwepo, hilo ni kweli. Lakini safari ya kuandika haikuhitaji talaka.

Na fedha ile ilifanya nini? Ilirudi kwenye bustani. Mwaka 1834 alitoa kitabu cha pili cha maana, cha utengenezaji wa bustani za mandhari, chenye picha za Muskau, kikawa mwongozo kwa mafundi wa fani hiyo. Deni lilibaki. Mwaka huohuo akaondoka tena, safari hii kusini: Ufaransa, Algeria, Tunis, Ugiriki, na mwaka 1837 Misri, alikopokelewa na mtawala wake Muhammad Ali kama mgeni wa heshima, kisha akapanda mto Nile hadi Sudan. Lucie aliachiwa milki na wadai, kwa karibu miaka sita.

Huko Misri, mwaka 1837, alinunua mtoto wa kike.

Alikuwa Mworomo kutoka nchi ambayo leo ni Ethiopia, aliyetekwa na kupitishwa mkono kwa mkono hadi sokoni. Umri wake ulikadiriwa kuwa kama miaka 12. Watafiti wa baadaye wameandika kwamba jina lake la nyumbani lilikuwa Bilillee. Pückler alimwita Machbuba, ndivyo Wajerumani walivyoandika neno la Kiarabu ambalo sisi hatuhitaji mkalimani kulielewa: mahabuba, mpenzi. Katika lugha yetu herufi mbili tu za mwisho hulitenganisha neno hilo na mahabusi, aliyefungwa. Sijui Mjerumani anapolisoma jina lile anasikia nini. Mimi ninasikia yote mawili.

Waandishi wengi wamelipamba jambo hili kuwa hadithi ya mapenzi ya jangwani: alimfundisha Kiitaliano wakawa wanazungumza, alimvisha vizuri, hakumtendea kama mtumwa. Pückler alikuwa na miaka 51. Mtoto aliyenunuliwa hana pa kusema sitaki. Mengine yote, mavazi na Kiitaliano, yanakuja baada ya hapo na hayalifuti. Kwao Prussia, sheria ya nchi ya mwaka 1794 ilishatamka kwamba utumwa hauvumiliwi; alijua anafanya jambo ambalo lisingewezekana kuanzia nyumbani.

Alimwandikia Lucie kuhusu msichana kwa furaha, kama alivyozoea kumwandikia kila kitu. Safari hii mtalaka wake aliyekubali mke tajiri wa Kiingereza ndani ya nyumba alikataa. Lucie hakutaka msichana akanyage Muskau. Hapa walivutana kwa barua kwa muda mrefu, na ninapozisoma habari hizo moyo wangu unagawanyika: Lucie alikuwa na haki ya kuchoka, lakini aliyekataliwa mlango hakuwa mshindani wake. Alikuwa mtoto mgonjwa asiye na kwao.

Maana alikuwa anaumwa kifua. Walipofika Vienna alitembezwa kwenye kumbi za wakubwa, watu wakamtazama. Baridi ya Ulaya ikazidisha maradhi, akapelekwa Marienbad kwenye maji ya tiba, hali haikubadilika. Septemba 1840 alifikishwa Muskau. Lucie alikuwa Berlin. Pückler akamfuata Lucie huko ili kumtuliza, na tarehe 27 Oktoba 1840 msichana akafariki Muskau, yeye hayupo. Alizikwa katika uwanja wa kanisa la mji, baina ya watu ambao lugha yao hakuijua.

Ninaliweka jambo hili ndani ya kisa cha deni kwa makusudi. Wengine hulitenga, kana kwamba bustani ni sura moja na msichana ni nyingine. Mimi naona mkono uleule. Aliyehamisha mti uliokomaa ili kivuli kianguke anapotaka, aliyenunua nyumba za watu akazivunja ili dirisha lake lione mto, alimtoa mtoto Afrika akampanda kwenye udongo usio wake. Kwa miti alikuwa na subira na ujuzi, aliangalia mizizi. Kwa watu aliangalia mandhari.

Mwaka 1845 alifanya alichokikwepa tangu kabla ya talaka. Aliuza Muskau. Lucie alipinga, na uchungu wake unaeleweka: kwa ajili ya mahali pale alikubali kuitwa mtalaka miaka 19. Ndani ya mwaka mmoja milki ikaingia mikononi mwa Prinsi Frederick wa Uholanzi, mtu mwenye fedha kweli. Huyu alimwajiri Eduard Petzold, aliyejifunza kazi Muskau kwa Pückler mwenyewe, na bustani ikaendelezwa kwa mpango uleule, safari hii mishahara ikilipwa. Hapo ndipo mchambuzi anapokuta jibu la swali lililoanza mwaka 1826. Bustani iliokolewa na mauzo. Yangefanyika mapema, ndoa isingeguswa na bustani isingepoteza kitu.

Kasri liliungua mwaka 1945, na mwaka huohuo mto Neisse ukawa mpaka. Bustani iligawanyika, sehemu kubwa zaidi ikaangukia Poland, upande wa Łęknica, na kwa miongo kadhaa haikuwezekana kuitembea yote. Tangu 2004 ni urithi wa dunia wa UNESCO ulioombwa na nchi mbili kwa pamoja.

Pückler alihamia Branitz akiwa na miaka 60 na akaanza upya. Ardhi ya Branitz ni tambarare na kichanga kitupu, hakuna mto wala kilima. Alichimba maziwa, na udongo uliochimbwa akaufanya vilima. Hata kabla ya hapo alikuwa ameshaalikwa kupanga bustani ya Babelsberg kwa mkuu Wilhelm wa Prussia, aliyekuja kuwa kaisari. Lucie alikwenda naye Branitz, bado mtalaka, bado mwenye nyumba, akafariki hapo tarehe 8 Mei 1854. Miaka michache baadaye Pückler alimaliza piramidi ya udongo katikati ya ziwa, kumbukumbu ya Nile, akaichagua kuwa kaburi lake. Alipokufa tarehe 4 Februari 1871 aliacha maagizo mwili wake uyeyushwe kwa kemikali, kwa kuwa kuchoma maiti hakukuruhusiwa, na moyo wake ukatiwa kwenye asidi. Hakuacha mtoto. Shamba lilikwenda kwa jamaa wa ukoo.

Mwaka 1884 mabaki ya Lucie yalihamishwa kutoka kaburi lake la kwanza yakawekwa kwenye piramidi ya ziwani, kando ya mtu aliyeachana naye miaka 58 kabla. Msichana aliyeitwa Machbuba hakuhamishwa. Kaburi lake liko Muskau, mahali ambapo Pückler aliuza na kuondoka.